Ajali ya Kemikali Ina Kinga: Mwongozo Kamili kwa Viwanda vya Mombasa

"Ajali haina kinga," husemwa matangani, na kwa mtu aliyeangukiwa na nazi akipita njia neno hilo humliwaza aliyefiwa. Ndani ya kiwanda cha kemikali halifai hata kidogo. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Disemba 1984, huko Bhopal nchini India, maji yaliingia kwenye tangi la kemikali iitwayo methili isosayaneti. Tangi likachemka, gesi ikatoka, na maelfu ya watu wakafa, wengi wao wakiwa wamelala majumbani mwao. Kinga zilikuwepo. Mtambo wa kupoza tangi ulikuwa umezimwa kwa miezi kadhaa, bomba la kupeleka gesi kwenye mwenge wa kuichoma lilikuwa limekatwa kwa matengenezo, na mnara wa kuiosha gesi haukuwa tayari kupokea wingi ule.

Mwongozo huu ni wa meneja, fundi na kibarua wa Changamwe, Shimanzi, Kibarani, Jomvu au Miritini: popote panapotengenezwa sabuni, rangi au dawa ya kusafishia, panapohifadhiwa mafuta, au penye mtambo wa barafu unaoendeshwa kwa amonia. Nitakaa zaidi kwenye shughuli zisizo za kila saa, yaani lori linaposhusha, fundi anapofungua bomba, mtu anapoingia tangini. Hapo ndipo hatari hutoka, na mara nyingi aliye karibu nayo ni kijana aliyechukuliwa getini asubuhi ileile.

Hatua ya 1: Zunguka na kalamu, usianzie ofisini

Daftari la stoo litakueleza kilichonunuliwa. Halitakueleza habari za mapipa mawili ya bluu yaliyoachwa na mkandarasi nyuma ya jenereta, wala jerikeni ya mafuta ya kupikia iliyotiwa asidi kwa sababu chombo chake kilipasuka. Pita kila kona, mpaka chooni na chini ya ngazi. Andika jina la kemikali, kiasi chake, hali ya chombo, na kilichowekwa jirani yake. Jirani ndiye mwenye maana zaidi katika orodha hiyo. Chombo kisicho na lebo kitengwe, kiwekewe alama, na kisifunguliwe ili kunuswa.

Kwa kila kemikali, mdai muuzaji karatasi yake ya usalama. Ina sehemu 16, na kwa mtu wa kazini nne ni za lazima: ya 4 inaeleza huduma ya kwanza, ya 7 namna ya kushika na kuhifadhi, ya 8 vifaa vya kujikinga, na ya 10 vitu isivyopatana navyo. Zitoe hizo nne kwa Kiswahili chepesi kwenye ukurasa mmoja, uzibandike pale kemikali ilipo. Karatasi ya Kiingereza iliyofungiwa kabatini haimfai aliyeshika koki.

Kisha tenganisha visivyopatana. Hipokloraiti, ile dawa nyeupe ya kufulia na kuulia vijidudu, ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini papo hapo. Poda ya klorini inayouzwa kwa mabwawa ya hoteli za Nyali na Diani huoza kwa joto na unyevu, na ikichanganyika na mafuta au karatasi huweza kuwaka yenyewe. Stoo ya bati isiyo na matundu ya hewa, mwezi wa Februari, si mahali pake. Asidi na soda kali visikae ndani ya ukuta mmoja wa kuzuia mmwagiko. Ukuta wenyewe uwe na uwezo wa kubeba asilimia 110 ya tangi kubwa kuliko yote lililomo ndani yake, na koki yake ya kutolea maji ya mvua ikae imefungwa. Nimeona kuta nzuri zilizojengwa kwa gharama, koki iko wazi mwaka mzima ili maji ya masika yasisimame.

Na usiwe na ghala la kusahau. Tarehe 4 Agosti 2020, tani zipatazo 2,750 za nitrati ya amonia zilizokuwa zimekaa miaka katika bandari ya Beirut zililipuka na kuua zaidi ya watu 200. Mji wetu nao ni mji wa bandari, na shehena iliyokosa mwenyewe si jambo geni kwetu.

Hatua ya 2: Ondoa kabla ya kulinda

Kabla ya kununua barakoa, uliza kama kemikali hiyo inahitajika kweli, kama kuna nyingine isiyo kali, na kama lazima iwepo nyingi hivyo. Tangi la siku 3 likivuja halina madhara ya tangi la mwezi mzima. Baada ya hapo ndipo zifuate kinga za mitambo, kisha taratibu za kazi, na mwisho kabisa vifaa vya mwilini. Viwanda vingi huanza na glovu kwa sababu glovu ni rahisi.

Hatua ya 3: Pokea lori kana kwamba limebeba kitu kingine

Hapa nitakawia. Tarehe 21 Oktoba 2016, katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas, Marekani, dereva alileta asidi ya salfuriki kiwandani. Mdomo wa bomba la asidi na mdomo wa bomba la hipokloraiti ilikaribiana na kufanana, na ule wa hipokloraiti haukuwa na kufuli. Akaunganisha mpira wake hapo. Wingu la klorini likapanda juu ya mji, na zaidi ya watu 140 wakatafuta matibabu. Hakuna kilichopasuka siku hiyo, hakuna pampu iliyoharibika. Mtu alichomeka mahali pasipo pake, na mpangilio ukamruhusu.

Kwa hivyo kila mdomo wa kupokelea uwe na kufuli lake, na funguo akae nazo mpokeaji wa kiwanda, si mlinzi wala dereva. Ukiweza, kila kemikali iwe na kiungio cha aina yake ambacho mpira wa nyingine hauwezi kukiingia. Hiyo ndiyo kinga bora, kwa kuwa haitegemei kumbukumbu ya mtu aliyechoka. Andika jina la kemikali kwa herufi kubwa juu ya mdomo, si kwenye tangi lililo mita 20 nyuma yake.

Lori likifika, liegeshwe pua yake ikitazama nje, magurudumu yatiwe vigingi, utingo na wapita njia wasogezwe mbali. Mpokeaji asimwulize dereva, "Hii ni asidi, sivyo?" Swali hilo lina jibu ndani yake, na dereva aliyesafiri usiku kucha atasema ndiyo. Aulize hivi:

"Kaka, umebeba nini?"

"Kostiki, ile soda kali."

"Nisomee karatasi yako, jina na namba."

Dereva asome kwa sauti, mpokeaji alinganishe na karatasi yake ya oda na lebo iliyo kwenye lori. Vikitofautiana hata kwa herufi moja, hakuna mpira unaounganishwa. Halafu apime nafasi iliyobaki tangini kwa kijiti au kipimo kinachoaminika, ahakikishe mzigo wote utaenea. Ikiwa ni kimiminika kinachowaka, kama viyeyusho vya rangi, waya wa kupeleka umeme tuli ardhini uunganishwe kabla ya mpira na utolewe baada yake. Ndipo afungue kufuli, na wote wawili wabaki hapohapo mpaka mwisho. Kwenda kunywa chai wakati pampu inakwenda ni jambo la kumsimamisha mtu kazi.

Hatua ya 4: Kibali, kufuli, na makabidhiano ya zamu

Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, vali ya usalama ya pampu moja ilikuwa imetolewa kwa matengenezo. Habari hiyo haikuwafikia wa zamu ya usiku. Pampu ya pili ilipokataa, wakawasha ile ya kwanza, gesi ikavuja na kulipuka. Watu 167 walikufa.

Kibali cha kazi ni karatasi inayosema nani anagusa nini, kuanzia saa ngapi, na hatari gani imeondolewa vipi. Kisainiwe pale mtamboni, si mezani, na nakala ibandikwe kwenye swichi ya mtambo ili anayetaka kuuwasha aione kabla ya kidole chake kufika. Zamu zinapobadilishana, anayetoka na anayeingia wakae dakika 10 wasome vibali vilivyo wazi kimoja kimoja. "Mambo shwari" si makabidhiano.

Kila fundi awe na kufuli lake mwenyewe kwenye swichi, na ufunguo uwe mfukoni mwake. Mafundi wakiwa wanne, makufuli yawe manne. Kwa bomba la kemikali, kufunga vali hakutoshi, kwa sababu vali nzee hupitisha, na hewa yetu yenye chumvi huzizeesha haraka. Toa kipande cha bomba, au tia bamba la chuma katikati ya flenji, yaani kiungo cha bomba kinachokazwa kwa boliti. Unapofungua flenji, simama upande upepo unakotoka, ulegeze kwanza boliti iliyo mbali nawe. Kama kumebaki kitu ndani chenye mgandamizo, kirukie upande wa pili na si usoni mwako.

Neno juu ya mapipa matupu. Mtaani pipa lililotoka kiwandani ni mali: hukatwa kuwa majiko, au hutiwa maji ya kunywa. Pipa "tupu" la kiyeyusho lina mvuke unaolipuka likiguswa na moto wa kuchomelea, na pipa la dawa halisafishiki kwa sabuni likafaa kwa maji ya watoto. Toboa na uponde yasiyoweza kurudi kwa muuzaji, ukitumia kifaa kisichotoa cheche, baada ya kuyasuuza kitaalamu. Usiyauze getini.

Hatua ya 5: Tangi na shimo

Hakuna kazi inayoua kwa ukimya kama hii. Shimo la maji machafu, tangi la molasi, pipa kubwa la kuchanganyia: ndani yake hewa yaweza kukosa oksijeni, au ikawa na salfidi ya hidrojeni, ile gesi yenye harufu ya mayai viza. Ubaya wake ni kwamba ikizidi hulemaza pua. Mtu huisikia harufu, kisha haisikii tena, akadhani imekwisha, kumbe ndiyo imeongezeka. Inapofikia sehemu 100 kwa milioni, maisha yako hatarini.

Kabla mtu hajaingia, mabomba yote yanayoelekea ndani yatenganishwe kama nilivyoeleza, pahali pasafishwe na pavutiwe hewa safi kwa feni. Kisha hewa ipimwe kwa kifaa: juu, katikati na chini kabisa, kwa kuwa gesi hazikai sawasawa. Oksijeni isipungue asilimia 19.5 wala kupita 23.5. Gesi inayowaka iwe chini ya asilimia 10 ya kiwango chake cha kulipuka. Kifaa kibaki kinapima muda wote mtu akiwa ndani. Kuteremsha mshumaa au kuku si kipimo.

Juu mdomoni asimame mtu mmoja ambaye hana kazi nyingine. Aliye ndani avae mkanda wa mwili wenye kamba inayofungwa kwenye winchi ya miguu mitatu, ili avutwe bila mtu wa pili kuingia. Na hapa ndipo lazima niseme kwa ukali, kwa sababu ni tabia njema inayotuua: mwenzako akianguka ndani, usimfuate. Moyo wa mtu wa Pwani ni kumrukia ndugu yake. Lakini kilichomwangusha kiko palepale kinakungoja, na familia zimezika wawili na watatu badala ya mmoja. Piga kengele, mvute kwa winchi, peleka hewa. Anayeingia ni aliyefunzwa, mwenye mtungi wa hewa mgongoni. Barakoa ya chujio haitengenezi oksijeni.

Hatua ya 6: "Kwa muda tu"

Huko Flixborough, Uingereza, katika kiwanda cha kemikali, mtungi mmoja kati ya sita iliyopangwa kwa mstari ulipata ufa, ukatolewa. Wakaunganisha wa nne na wa sita kwa bomba la muda. Mchoro wake ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Tarehe 1 Juni 1974 bomba likaachia, mvuke ukalipuka, watu 28 wakafa.

Kila kiwanda kina bomba lake la muda. Kanuni iwe hivi: badiliko lolote la bomba, kemikali, kiwango cha joto, au hata aina ya gasketi, liandikwe na lipitiwe na watu wasiopungua watatu, mmojawao akiwa mwendeshaji wa mtambo huo. Waulizane kwa kila sehemu: ikiwa hakuna mtiririko itakuwaje? Ukizidi? Ukipungua? Ukirudi kinyume? Kikiingia kisichotakiwa? Mwisho, badiliko la muda liwe na tarehe ya kufa iliyoandikwa juu yake kwa rangi.

Hatua ya 7: Amsha kinga zilizolala

Shawa ya dharura na bomba la kuoshea macho viwe mahali mtu anafika kwa sekunde 10, bila ngazi wala mlango wa kufuli, na viweze kutoa maji kwa dakika 15. Wanaofuata vitabu vya nchi za baridi husahau jambo moja: bomba lililopita juu ya paa la mabati Mombasa hutoa maji ya kuunguza saa 8 mchana. Maji yasizidi nyuzi 38. Fukia bomba au lifunike, na ulifungue kila wiki ili kutu itoke. Pia hakikisha tangi la akiba lina maji, maana mifereji yetu hukauka bila taarifa.

Kengele inayolia ovyo itengenezwe. Ikizimwa kwa waya kwa sababu inasumbua, anayeizima aandike jina lake na saa, na mkuu wa zamu aidhinishe. Vali za usalama zitolewe zikapimwe kwa ratiba, na chini yake pasiwe na vali nyingine iliyofungwa.

Vifaa vya mwilini navyo viendane na kemikali. Glovu ya ngozi hufyonza asidi, na barakoa ya vumbi haizuii mvuke. Kwa joto letu mtu akivaa suti nzima atachoka haraka, hivyo mpe vipindi vifupi, kivuli na maji ya kunywa, au utamkuta ameivua. Na maziwa yanayogawiwa kila jioni "kutoa kemikali kifuani" ni chakula kizuri, lakini hayasafishi pafu la mtu.

Hatua ya 8: Soma upepo

Mabaharia wetu waliujua mwaka kwa pepo mbili, na mpango wa dharura hauna budi kuzijua. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban Disemba hadi Machi. Gesi ikitoka Changamwe, kwa jumla itaelekea upande wa Port Reitz. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki kuanzia Aprili hivi, nayo huisukuma upande wa Mikindani na Miritini. Usiku upepo hutulia au hugeuka kutoka bara. Kiwanda chenye mahali pamoja pa kukusanyikia kina mahali pabovu kwa nusu ya mwaka. Weka mawili, pande mbili, na mfuko wa kuonyesha upepo juu ya mlingoti unaoonekana hata usiku. Kila mtu ajue kukata upepo kwa ubavu, kisha kuelekea unakotoka.

Klorini ina uzito wa karibu mara mbili na nusu ya hewa, hutambaa chini na kujaa mitaroni, kwa hivyo panda juu. Mtungi wake ukivuja usiumwagie maji, maana maji huongeza ulaji wa chuma. Waliofunzwa wauzungushe tundu likae juu ili itoke gesi na si kimiminika. Amonia ni nyepesi kuliko hewa, lakini ikitoka kama kimiminika katika hewa yenye unyevu kama yetu hufanya wingu jeupe linalokaa chini. Pazia la maji ya kunyunyiza hulipunguza wingu hilo, ila usiyaelekeze kwenye dimbwi la amonia yenyewe.

Majirani wahusishwe kabla ya siku hiyo. Kijiji cha Owino Uhuru, karibu na Mikindani, kilitiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Na huko Sinai, Nairobi, Septemba 2011, moto wa petroli iliyovuja uliteketeza watu waliokuwa wakiishi juu ya njia ya bomba. Waite wazee wa mtaa, walimu wa shule na madrasa, waeleze king'ora kikilia wafanye nini: kuingia ndani na kufunga madirisha, au kuondoka na kwa njia ipi. Wapeni namba ya simu inayopokelewa usiku. Zimamoto wa kaunti waalikwe waone kiwanda mapema, na mjue kwamba msongamano wa malori utawachelewesha. Robo saa ya kwanza ni yenu peke yenu.

Hatua ya 9: Mtu akiumia

Kemikali ikimwagika mwilini, vua nguo zote pale pale na mwagia maji mengi dakika 20 au zaidi. Aibu isimzuie mtu. Wekeni shuka karibu na shawa. Usijaribu kuua asidi kwa soda, wala kupaka dawa ya meno au mafuta. Jicho lishikwe wazi kwa vidole likioshwa. Aliyemeza asilazimishwe kutapika. Aliyevuta gesi apelekwe kwenye hewa safi na aende hospitali hata akisema yu mzima, kwa sababu mapafu huweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Piga 999 au 112, na mpeleke na ile karatasi ya kemikali, daktari asibahatishe.

Hatua ya 10: Sheria, na kijana wa getini

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka ukaguzi wa usalama angalau mara moja kila miezi 12, na kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 na zaidi. Kifo kiarifiwe ndani ya saa 24. Mfanyakazi anayeona hatari kubwa iliyo karibu anatakiwa kumwarifu msimamizi, na hawezi kulazimishwa kurudi pale kabla haijarekebishwa. Soma hilo mbele ya wote. Na mtu akileta habari ya koki iliyovuja kidogo au boliti iliyolegea, mshukuru hadharani na itengeneze siku hiyo. Ukimkemea, hutaletewa nyingine.

Kibarua anayeanza leo asishike kitu kabla ya kutembezwa. Mwonyeshe kemikali mbili zilizo karibu na kazi yake na madhara yake, mlio wa king'ora, mfuko wa upepo, sehemu mbili za kukusanyikia, na vitu asivyoruhusiwa kugusa. Dakika 20 zinatosha. Usimwulize kama ameelewa, maana atasema ndiyo kwa kuhofia kibarua chake. Mwambie sasa yeye akupeleke mpaka kwenye shawa ya dharura na aifungue. Akipotea njia, mtembeze tena.